Mvi za Mninga

Mlioko Matai, Mwimbi na Mwazye, mlioko Kasanga kando ya ziwa, na ninyi wa Sumbawanga mjini mnaotusikiliza mkiwa dukani, karibuni. Leo siwaiti ndani. Naomba tukae nje, kwenye benchi, maana benchi ndilo lililonipa mazungumzo haya.

Benchi hilo liko mbele ya nyumba yetu hapa Matai. Babu alilichonga kwa ubao mmoja mpana wa mninga, na miguu minne ya mninga vilevile, bila rangi wala vanishi. Tangu siku hiyo halijalala ndani hata usiku mmoja. Mvua za Novemba hadi Aprili hulinyeshea, upepo wa kipupwe wa Juni na Julai hulikausha, na jua la Septemba hulichoma. Nilizaliwa nikalikuta, na sasa mimi mwenyewe nina mvi.

Juzi akaja mtoto wa kaka yangu kutoka mjini. Akanisalimu, "Shikamoo, baba mdogo." Nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu ukae." Akaliangalia benchi kwanza, akapitisha kiganja juu yake. Lilikuwa na rangi ya jivu, na nyufa ndogondogo zimefuata urefu wa ubao. Akasema kwa upole tu, "Baba mdogo, hili limeshaoza. Nilipasue wapikie, halafu nikuletee viti vya plastiki."

Sikumkatalia. Nilimtuma kwa fundi seremala jirani akaazime randa. Tukaligeuza benchi upande wa mwanga, nikasukuma randa mara moja. Maranda ya kwanza yalitoka mepesi, ya kijivu, yakavunjika mkononi kama majani makavu. Nikasukuma mara ya pili. Hapo yakatoka yamejikunja, marefu, ya kahawia iliyochanganyika na wekundu, na ile harufu ya mninga mpya ikatujaa puani. Mwanangu yule akanyamaza. Chini ya jivu lisilofika unene wa ukucha, ubao ulikuwa mzima kama siku babu alipoupiga randa.

Basi wasikilizaji, nataka leo tuelewane jambo moja. Mti ulio nje huota mvi, na mvi si kifo. Kinachoua mti ni kitu kingine kabisa, tena mara nyingi hakipo pale macho yetu yanapotazama. Tukishindwa kutofautisha hivi viwili, tutakuwa tunachoma vilivyo hai na kutegemea vilivyokwisha kufa.

Tuanze na mvi. Ubao una nyuzi nyeupe ngumu zinazoitwa selulosi, na katikati ya nyuzi hizo kuna gundi ya asili iitwayo lignini. Gundi hiyo ndiyo inayoshika nyuzi pamoja. Katika mwanga wa jua kuna miale tusiyoiona, miale ya urujuanimno, ile ile inayounguza ngozi na kupausha nguo kambani. Miale hiyo ikipiga ubao huivunjavunja lignini ya juu. Mvua ikija huisomba, pamoja na ile rangi nyekundu ya mninga. Zinabaki nyuzi tupu zilizopauka. Kisha vinakuja viumbe vidogo sana vya ukungu vyenye rangi nyeusi, vinatua juu ya nyuzi zile, na ndivyo tunavyopata ile kijivu. Sisi wa Ufipa tunaliona hili upesi, kwa sababu tuko juu. Sumbawanga inakaribia mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa ya kuchuja jua inavyopungua.

Lakini jua lina mkono mfupi. Miale ile haipenyi ubaoni hata robo ya milimita. Inachoma ngozi tu, nyama haifikii. Wataalamu wa Maabara ya Mazao ya Misitu ya Marekani, iliyoko Madison katika jimbo la Wisconsin, wamepima jambo hili kwa muda mrefu. Kwa hali ya hewa ya kwao, mbao laini za jamii ya misonobari zilizoachwa wazi hulika kama milimita 6 kwa miaka 100. Mbao ngumu na nzito hulika kama nusu ya hapo, milimita 3. Jua letu ni kali kuliko la kwao, lakini hata ukizidisha hesabu mara mbili, ubao wa babu wenye unene wa vidole vitatu unao uwezo wa kuwakalisha vitukuu.

Na zile nyufa? Nyufa ni kazi ya kulowa na kukauka. Ubao hunywa maji ukavimba, ukikauka hunywea. Na haunywei sawasawa pande zote: kuuzunguka mzingo wa mti hunywea karibu mara mbili kuliko kutoka kiini kwenda gome. Juu kunakauka haraka, ndani bado kuna unyevu, pakivutana panapasuka. Mama zetu wanalijua hili bila kusomea. Kinu kipya hakianikwi juani. Huwekwa kivulini kikauke taratibu, la sivyo kitapasuka kabla hakijatwanga hata mahindi ya siku moja. Mninga umejaliwa hapo, kwa kuwa hunywea kidogo sana ukilinganisha na miti mingine, ndiyo maana mafundi wanaupenda kwa milango na madirisha. Nyufa zake huwa nyembamba. Lakini ufa, hata uwe mwembamba namna gani, ni mlango, na sasa tuone nani anaingia.

Anayeingia ni maji. Maji yakiingia yakatoka, hakuna neno. Mvua inyeshe leo, kesho jua litoke, ubao ukauke, hapo mti hautaoza. Kuvu wanaoozesha mti wana masharti yao: wanahitaji unyevu, hewa na joto la wastani. Ubao ukikauka hadi maji yake yakawa chini ya sehemu 20 kwa kila sehemu 100 za uzito wa mti mkavu, kuvu hao hawawezi kazi. Tatizo linaanza pale maji yanapoingia yakakosa njia ya kutoka: chini ya mguu unaogusa udongo, kwenye kiungo ambamo ubao umelalia ubao, kwenye kichwa cha nguzo kilichokatwa bapa kama sahani, na kwenye ncha ya ubao, maana nyuzi za mti ni kama mirija, na mirija hunywea mwishoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Baada ya kuliranda benchi tukaligeuza miguu juu. Miguu mitatu ilikuwa migumu. Mguu wa nne, ule ulio upande wa michirizi ya bati, niliuchoma kwa ncha ya kisu, kisu kikazama hadi kina cha vidole viwili bila nguvu. Nikauminya, ukatoa maji kama mkate uliodondokea kwenye chai. Sasa angalieni, wasikilizaji: sehemu iliyomtisha kijana ilikuwa nzima, na sehemu iliyooza hakuna aliyeitazama.

Nami funzo hili nililipia. Miaka sita iliyopita nilisimika nguzo mbili za lango la zizi. Niliambiwa ni mninga, na kweli ulikuwa mninga, ila nusu ya kila nguzo ilikuwa ile sehemu nyeupe ya nje, iliyo karibu na gome. Mimi sikuangalia. Nikachimba shimo, nikamimina zege kuuzunguka kila mguu, nikaona nimejenga ngome. Zege likawa bakuli. Kila mvua iliteremka kwenye nguzo, ikatuama mle, isikauke hadi mvua nyingine. Masika ya nne maksai akajikuna kwenye nguzo mara moja tu, lango zima likalala chini. Juu nguzo ilikuwa imara ya kupigia misumari. Ilikuwa imekatika usawa wa ardhi, pale pale udongo, maji na hewa vinapokutana.

Sasa nataka niwapeleke mahali, na si mbali. Tutoke Matai tuteremke upande wa mpaka, hadi Maporomoko ya Kalambo. Wilaya yetu imebeba jina la mto ule. Wengi tumesimama pale juu tukatazama maji yakiruka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, kuelekea Ziwa Tanganyika. Wachache wanajua kwamba juu kidogo ya maporomoko, ng'ambo ya Zambia, kando ya mto huo huo, ardhi imetunza magogo ya kale ambayo dunia nzima inayazungumzia.

Mwanaakiolojia Mwingereza J. Desmond Clark alilibaini eneo lile mwaka 1953, akalichimba kwa miaka kadhaa na kukuta humo zana za mawe na vipande vya miti. Lakini hakukuwa na njia ya kujua kwa uhakika umri wa miti ile. Mwaka 2019 ikarudi timu iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool. Wakachimba ukingoni mwa mto, wakakuta magogo mawili yamepandana, moja juu ya jingine, na lile la juu limechongwa pengo la kulalia lenzake, kama mafundi wetu wanavyokata kiungo ili boriti isiteleze. Gogo la juu lina urefu wa karibu mita moja na nusu, nalo ni la jamii ya mlama, miti tunayoijua sote kwa kuni na mipini. Wakakuta pia kabari na mti wa kuchimbia.

Umri wa magogo hayo ulipatikanaje? Geoff Duller wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth alipima mchanga uliofunika magogo. Chembe za mchanga zikizikwa hukusanya nishati kidogo kidogo kutoka ardhini, na zikipigwa na jua nishati hiyo huisha. Kwa hiyo chembe hubeba hesabu ya siku ilipoliona jua kwa mara ya mwisho. Matokeo yalitangazwa katika jarida la Nature mwezi Septemba 2023: magogo yale yana umri wa miaka 476,000 kwa uchache. Ni kabla ya binadamu wa aina yetu kuonekana duniani. Ni ujenzi wa miti wa kale kuliko wote uliowahi kugunduliwa hadi wakati ule, na uko jirani yetu.

Nataka tulikalie swali hili pamoja. Nguzo yangu ya mninga, mti mgumu uliosifiwa, ilioza kwa masika manne. Gogo la mlama, mti usiosifiwa na seremala yeyote, limekaa miaka 476,000. Kwa nini? Kwa sababu ardhi ya pale huwa imejaa maji mwaka mzima. Gogo lilizama likafunikwa kwa mchanga na tope, na maji yakaziba kila tundu. Hewa haikuingia, na kuvu bila hewa hawaishi. Benchi la babu nalo limeishi kwa njia ya upande wa pili: juu kunalowa, kunakauka. Mti uliozama kabisa unadumu, na mti unaokauka unadumu. Unaokufa ni ule ulio katikati, usioruhusiwa kuzama wala kukauka. Nguzo yangu niliiweka hapo katikati kwa mikono yangu.

Kutokana na hayo, wasikilizaji, kuna mambo ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyafanya, na mengi hayana gharama.

Kwanza, tuujue mti tunaonunua. Ubora wa mninga, mkongo au mvule uko kwenye moyo wake, ile sehemu ya ndani yenye rangi. Mti ukiwa hai huweka humo dawa zake wenyewe zinazowakera kuvu na mchwa. Weupe wa nje ni njia ya maji na chakula cha mti, hivyo ni chakula cha mchwa pia. Weupe wa mninga unaoza kama weupe wa mti mwingine wowote. Ukinunua nguzo, tazama ncha yake. Weupe ukizidi, bei nayo ishuke, au mwambie fundi auchonge wote utoke.

Pili, tuupe mti mahali pa kukaukia. Weka jiwe bapa au tofali la kuchoma chini ya kila mguu wa benchi. Mguu ukiinuka vidole vinne tu kutoka kwenye udongo, mchwa atalazimika kujenga njia yake ya tope mahali unapoiona, na maji hayatapanda. Kichwa cha nguzo kikate kwa mteremko, au kifunike kwa kipande cha bati. Ukisimika nguzo, weka kokoto chini na pembeni ili maji yapite, na kama ni lazima utumie zege, lipandishe juu ya usawa wa ardhi na ulilaze kwa mteremko, maji yakimbie nguzo. Mbao za kukalia ziachiane nafasi ya kidole, mvua ipite.

Tatu, mafuta na rangi. Vanishi inayong'aa ni nzuri ndani ya nyumba. Ukiipaka nje, jua linapenya kama linavyopenya kioo, linaila lignini iliyo chini yake, na baada ya muda vanishi inabanduka kama ngozi ya nyoka. Rangi yenye unga wa rangi ndani yake inazuia jua vizuri zaidi, lakini usiipake juu ya jivu. Piga randa au msasa kwanza hadi uone mti wenyewe, maana zile nyuzi za kijivu hazina gundi, zikibanduka zinaondoka na rangi yako. Ncha za ubao zinyweshe rangi au mafuta mara mbili, mara tatu. Ndugu zetu wa pwani wamejua thamani ya mafuta tangu zamani, wakipaka vyombo vyao sifa, mafuta ya ini la papa, ili mbao zisinywe maji kupita kiasi. Sisi wengi tunatumia oili chafu. Inawafukuza mchwa kwa muda, sikatai, lakini ina sumu na inaingia ardhini. Usiipake mahali wanapokaa watoto, wala karibu na kisima, wala kwenye bustani ya mboga.

Na hapo niongeze onyo moja. Zile nguzo za mlingoti zenye rangi ya kijani, kama za umeme, zimeshindiliwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Ndiyo sababu mti kama ule unaweza kusimama ardhini miaka mingi. Lakini vipande vyake kamwe visiwe kuni. Aseniki inabaki kwenye jivu na kupanda na moshi. Mama anayepika ugali kwa kipande kile anaipikia familia yake sumu.

Wasikilizaji wangu, kwa nini nimekaza sauti juu ya benchi na nguzo? Ni kwa sababu ya hesabu. Mninga haukui kama mlingoti. Unahitaji miaka sabini, themanini, hata mia, hadi ufikie unene wa kupasuliwa ubao mpana kama wa babu. Uwanda wetu wa Ufipa umekuwa wa nyasi kwa muda mrefu. Wahenga wetu Wafipa walikuwa wafua chuma mashuhuri, na tanuru zao ndefu za udongo zilikula mkaa mwingi wa miti migumu. Miti mikubwa tunaifuata mbali, huko kwenye miteremko kuelekea ziwani. Na huko nako imefuatwa na wengi. Mkurungu, ndugu wa mninga, ambao wenzetu wa Zambia wanauita mukula, ulitafutwa na wafanyabiashara wa magogo hadi mwaka 2019 ukawekwa chini ya udhibiti wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, miti yote ya jamii hiyo barani Afrika ikaingizwa, mninga ukiwemo.

Basi mtu anapokata mninga wa miaka themanini, amechukua mvua themanini za nchi hii. Akiutumia akauozesha kwa masika manne, kama mimi na nguzo zangu, amekopa themanini akalipa nne. Ile sabini na sita iliyobaki nani ataifidia? Mimi naona adabu ya kutumia mti ni hii: ubao uishi mikononi mwetu angalau miaka ile ile uliyoitumia kukua. Ukifikisha hapo, na mche mwingine uliopandwa siku ule mti ulipokatwa utakuwa umefikia umri wa kuushika mkono. Hiyo ndiyo njia pekee ya sisi kuwa na mninga na wajukuu wetu nao wakawa nao.

Mwanangu yule hakurudi mjini siku ile. Tulikata miguu yote minne ya benchi kwa kipimo kimoja, vidole viwili, hadi msumeno ukakutana na mti mgumu. Ncha zake tukazipaka mafuta mara tatu, tukasubiri zinywe kila mara. Kisha akaenda korongoni, akachagua mawe manne bapa, akayapanga, akayapima kwa macho, akayapanga tena. Tukaliinua benchi tukaliweka juu yake, mbali na michirizi ya bati. Pale tuliporanda palikuwa pekundu, kama kidonda kipya kwenye ngozi ya mzee. Akaniuliza kama tulipake rangi pale pafanane na pengine. Nikamwambia tuache. Masika mawili yakipita, patakuwa na mvi kama kwingine.

Akakaa. Limekuwa fupi kidogo sasa, magoti yanapanda. Akaniuliza, "Baba mdogo, litafika miaka mingapi?" Nikamwambia babu alilichonga kabla sijazaliwa, nami nimepita hamsini. Kwa hesabu ya mti wenyewe, bado tunadaiwa.

Wasikilizaji, kabla ya mvua za Novemba, toka nje na kisu kidogo. Usianzie juu kwenye jivu. Inama, anzia mguuni.